Imani Kwamba Paschal Yumo

Jumatatu, 9 Januari

Shule imefunguliwa. Mvua tangu alfajiri. Kati ya wanafunzi sitini na wawili wa Kidato cha Tatu wamefika kumi na tisa. Wengine wako majarubani wanapanda mpunga na wazazi wao. Mkuu wa shule, Mwalimu Pantaleo, amegawa madaftari makubwa ya maandalio ya masomo, nami nikapewa mawili kwa makosa. Hili la pili nalifanya langu. Miaka ishirini na mmoja nasahihisha Kiingereza cha watoto wa watu, na sijawahi kuandika Kiswahili changu mwenyewe zaidi ya ujumbe wa simu.

Jumatano, 11 Januari

Mvua.

Ijumaa, 13 Januari

Paschal amepanda juu kugongelea bati lililong'oka kwenye chumba changu. Ndiye mwenye nyumba wangu. Nimepanga vyumba viwili kwenye ua wake, nusu saa kwa miguu kutoka Ushirombo. Mkewe, Limi, ambaye sote tunamwita Mama Agatha, alishika ngazi huku anamgombeza.

"Shuka, baba Agatha. Ukivunjika nani atalima?"

"Mwalimu Generoza atalima. Fimbo si anayo?"

Tulicheka wote, hata Agatha ambaye ana miaka minne na hakuelewa. Paschal anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo marefu ya ng'ambo ya mto. Mkewe hapendi aingie mashimoni msimu wa mvua, kwa kuwa udongo unalegea. Kila mwaka anamwambia, na kila mwaka anaingia.

Alhamisi, 19 Januari

Leo nimefundisha somo ninalolipenda na ambalo wanafunzi hawalipendi. Kiingereza kina tabia hii: kabla ya kusema habari, kinaipa jina kwanza. Ukweli kwamba. Dai kwamba. Imani kwamba. Uvumi kwamba. Nikaandika ubaoni "the fact that", "the claim that", "the belief that", nikawaambia watunge sentensi kuhusu mtu.

Masele akauliza: "Mwalimu, hata Kiswahili si tunacho?"

Tunacho, nikamwambia, ila mdomoni hatukitumii sana. Sisi tunamtaja msemaji. Tunasema, Masele anasema mwalimu amechelewa. Tukitaka kubisha, tunabishana na Masele. Kiingereza cha ofisini kinaweza kuandika "dai kwamba mwalimu amechelewa", na Masele hayumo tena. Limebaki dai lisilo na mwenyewe. Na msomaji, kabla hajafika kwa huyo mwalimu, ameshajua aamini au asiamini.

Darasa lilinitazama tu. Kengele ikalia.

Jumanne, 24 Januari

Saa tatu na nusu asubuhi duara limeanguka.

Tulisikia watu wakikimbia nyuma ya shule. Nilipofika machimboni mvua ilikuwa imekatika, jua kali, na mahali palipokuwa na mdomo wa shimo palikuwa na bakuli la tope jekundu. Miti waliyoshindilia kuzuia kuta imechomoza kama mbavu. Watu wanachimba kwa ndoo, kwa masufuria, kwa mikono. Mama Agatha nilimkuta amepiga magoti ukingoni, kanga imemwanguka, wanaume wawili wamemshika mabega.

"Yumo," alikuwa anasema. "Yumo, yumo."

Meneja wa machimbo ni Thobias. Nilimfundisha mimi, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, kijana msafi, hati nzuri, aliyepata alama ya juu ya Kiingereza katika darasa lake. Hata leo, tope hadi magotini, aliponiona alisema, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa ameshika daftari la zamu. Walioandikwa kuingia asubuhi ni wanne. Wa nne ni Mwita, mchimbaji mwenzake Paschal. Na Mwita alikuwa amesimama pale pale, mzima, anatetemeka.

"Nilitoka kufuata maji," Mwita alisema. "Nilikuwa nimetoka."

"Basi waliomo ni watatu," Thobias akasema.

Mama Agatha akamgeukia Mwita. "Aliniambia anaingia kwa zamu yako. Ameniambia leo asubuhi, anafunga buti. Mwita anaumwa, naingia badala yake. Mwita! Sema!"

Mwita alitazama chini. Kwenye machimbo yale, kubadilishana zamu bila kuandikisha ni kufukuzwa. Ni polisi pia, sasa kwa kuwa watu wamekufa.

"Mimi niliingia mwenyewe, shemeji," alisema. "Nikatoka."

Asubuhi hii nilimwona Paschal kwa macho yangu akifungua lango la miti la ua wetu, buti mguuni, tochi kichwani. Alinisalimu, "Mwangaluka, Mwalimu." Nimemwambia Thobias hivyo.

Akaniuliza kwa upole, "Ulimwona akiingia duarani, Mwalimu?"

Sikumwona akiingia duarani.

Alhamisi, 26 Januari

Katapila limefika kutoka Kahama jana na limetoa miili mitatu. Wametajwa majina, wameliliwa, wamebebwa. Lakini katapila linaendelea kuchimba, maana Mama Agatha ameketi mbele yake na hatoki. Thobias amewapigia simu wenye leseni. Mmoja yuko Mwanza, mbia wake yuko nje ya nchi, na mbia ndiye anayelipia mashine. Ametaka maelezo ya familia kwa Kiingereza, upesi, ndipo aamue kama wachimbe zaidi.

Thobias amekuja kwangu. "Hakuna mwingine wa kuandika hapa, Mwalimu. Nikiandika mimi watasema nimeipendelea kampuni."

Jumamosi, 28 Januari

Nimeandika maelezo ya Mama Agatha. Nitayaeleza yote hapa, nisije nikajidanganya baadaye.

Tulikaa kwenye kibanda cha ofisi ya machimbo, yeye, mimi na Thobias. Mama Agatha huchanganya Kiswahili na Kisukuma, na akiwa na uchungu Kiswahili kinamkimbia chote. Alisema mumewe aliamka saa kumi na moja, akala viazi vilivyobaki, akafunga buti, akamwambia anaingia badala ya Mwita aliyeshikwa na malaria. Alisema buti hazipo nyumbani. Alisema Paschal hajawahi kulala nje bila kumwambia, tangu amuoe. Kisha akasema neno moja la Kisukuma la kumalizia, "Alimo," yaani yumo. Nikamuuliza kama anataka kuongeza. Akasema, niongeze nini?

Nikaandika kwa Kiingereza. Nilipofika mwisho niliweka "the fact that". Ukweli kwamba mume wangu yumo ndani ya duara.

Thobias alisoma akasimamisha kidole hapo. "Mwalimu, hili litatukwamisha. Ukweli ni kitu kilichothibitishwa. Wewe ndiye uliyenifundisha. Hapa tuweke 'the claim that'."

"Ukiweka dai, umeshamwita mwongo."

"Sijamwita mwongo. Ni lugha tu ya ofisi."

"Thobias, dai lina harufu. Unaijua."

Akaondoa kidole kwenye karatasi. Nje katapila lilikuwa limezimwa wanasubiri karatasi hii. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Mama Agatha alikuwa anatutazama mdomo hadi mdomo, kama mtu anayetazama watu wakigawana shamba lake.

Nikasema, tuweke imani. "The belief that." Niliona nimepata njia ya katikati. Kwetu imani ni kitu kizito. Watu wa parokia hii husimama Jumapili wakaikiri kwa sauti. Nikamweleza Mama Agatha: nimeandika una imani kwamba Paschal yumo. Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Nina imani." Akabonyeza dole gumba kwenye wino.

Thobias akakubali haraka. Haraka mno, naona sasa.

Jumapili, 29 Januari

Mvua kubwa. Katapila halijawashwa.

Jumatatu, 6 Februari

Bado hakuna jibu. Kidato cha Tatu wamefika arobaini. Mama Agatha anakwenda machimboni kila asubuhi na Agatha mgongoni, anarudi jioni. Maji yamejaa lile bakuli la tope. Amesema leo ameona vyura.

Jumanne, 14 Februari

Barua imekuja. Mkutano umeitishwa kwenye ofisi ya kijiji, watu wamejaa hadi nje, na mtendaji akaniomba niisome na kuitafsiri kwa sauti. Sikuwa nimepewa kuisoma kabla.

Ni barua ya adabu. Inawapa pole waliofiwa. Kisha inasema, kwa heshima yote, kampuni inaitambua imani ya familia kwamba mhusika alikuwemo. Nilipoiona pale ndipo nikajua nilichofanya. Kwenye barua ile imani si kitu cha kusimama na kukiri. Ni kitu cha mgonjwa, cha kuhurumiwa. Unaiheshimu, unaipita. Halafu ikafuata sentensi nyingine: upo pia uwezekano kwamba mhusika aliondoka eneo hilo kwa hiari yake. Kwa hiyo uchimbaji wa kutafuta miili umekamilika.

Niliitafsiri kama ilivyo. Nilisisitiza neno uwezekano, nikalirudia mara mbili. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Wamesema ameondoka?"

"Wamesema upo uwezekano," nikajibu.

"Ameondoka kwenda wapi?"

Kaka yake Paschal, Maige, alikuwa amekaa mbele na kofia mapajani.  Mama Agatha alinitazama mimi, si barua, si Thobias. Tulirudi nyumbani njia moja, yeye mbele mimi nyuma.

Jumamosi, 18 Februari

Kisimani nimesikia kwa masikio yangu: "Mwalimu mwenyewe alisoma. Barua imesema Paschal ameondoka." Siku nne tu. Uwezekano umeanguka njiani kama mzigo uliofungwa vibaya, imebaki habari tupu.

Nilisimama na ndoo nikawaambia, barua haikusema hivyo. Wakaniitikia kwa adabu, "Sawa, Mwalimu." Nilipogeuka wakaendelea.

Jumatano, 22 Februari

Jumatano ya Majivu. Mama Agatha alimwomba padri misa ya marehemu. Padri, mtu mwema, akakubali, lakini Maige akamfuata sakristia. Misa ya marehemu kwa mtu ambaye huenda yuko hai ni kumwitia kifo, alisema. Padri akaitaja kwenye nia kama misa ya kumwombea Paschal, aliyepotea. Mama Agatha alitoka kanisani katikati ya misa.

Matanga nayo Maige na ndugu zake wamekataa. Hajanyolewa, hajakaa chini, hakuna aliyemletea unga. Yeye si mjane na si mke.

Jumamosi, 25 Februari

Maige amekuja uani na wazee wawili. Nilisikia kupitia ukutani, na sikuziba masikio.

"Mdogo wangu hakuwa mtu wa kukimbia nyumba," alisema. "Mtu hakimbii mji bila kukimbizwa. Tunauliza tu: mligombana nini?"

"Hatukugombana."

"Tunauliza tu."

Mtu akisema anauliza tu, ameshajibu.

Alhamisi, 2 Machi

Mvua. Mitihani ya mwezi. Masele ameandika "the rumour that", ametunga vizuri kuliko wote. Sentensi yake inamhusu mtu ambaye watu wanasema alimkimbia mkewe. Hakutaja jina. Nimempa alama yake na sikuweza kusahihisha karatasi nyingine.

Jumanne, 7 Machi

Leo baada ya vipindi Mwita amekuja darasani. Alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yakigonga ubao wa chini, mtu mzima mwenye tope lililoganda kwenye kucha zote.

"Mwalimu, sikuingia siku ile. Nilikuwa nimelala kwangu, homa. Nilimwomba Paschal aingie badala yangu. Yeye ndiye aliyeitika jina langu."

Nilijua. Tangu siku ya kwanza nilijua, na bado niliposikia nilishika ubao.

"Kwa nini umenyamaza?"

"Wangenifunga. Na nyumbani Tarime wananitegemea. Nikasema katapila litamfikia hata hivyo, ataonekana, itakwisha bila mimi." Akafuta uso kwa kiganja. "Halikumfikia."

"Njoo tuandike."

"Siandiki, Mwalimu. Nimekuja kukwambia tu, maana naona shemeji anatembea kama kichaa."

"Basi kamwambie yeye."

"Siwezi kumtazama."

Nilimsihi mpaka mlinzi akaja kufunga madarasa. Hakukubali kuweka hata jina. Alipotoka alinishika mkono kwa mikono miwili, kama watu wanavyoshikana msibani.

Jumatano, 8 Machi

Nimeandika mwenyewe. Barua pepe kwa mbia wa nje, anuani niliipata kwenye ile barua ya kwanza. Safari hii sikutafuta njia ya katikati. Nimeweka ukweli kwamba, mara tatu. Nimeeleza habari ya zamu bila kumtaja Mwita. Nimeomba katapila lirudi.

Kisha nilimweleza Mama Agatha kwamba nimeandika, sikumwambia kwa nini. Nilikuwa nimemwahidi Mwita siri. Sijui kama ahadi ile ilikuwa ya kutunzwa.

Alhamisi, 16 Machi

Jibu halikuja kwangu. Limekuja kwa Mkuu wa shule.

Mwalimu Pantaleo aliniita ofisini, akafunga mlango, akanigeuzia karatasi nisome. Imeandikwa kuhusu tuhuma za mwalimu wako kwamba kampuni imeacha mwili wa binadamu chini ya ardhi. Tuhuma. Nilituma ukweli, umerudi na jina jingine, na sasa una mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

"Generoza, una ushahidi?" aliniuliza.

"Ninaye mtu."

"Atasimama?"

Nilimrudishia karatasi.

"Wewe ni mtumishi wa umma," alisema. Hakuwa mkali, alionekana mchovu tu. "Umebakiza miaka michache ustaafu. Wameomba nikuonye kwa maandishi. Nitaandika kidogo iwezekanavyo."

Jioni nilikwenda kwa Mwita. Chumba kiko wazi, kimefagiliwa. Jirani anasema amehamia machimbo ya Geita, hajui yapi. Simu yake haipatikani.

Ijumaa, 17 Machi

Haipatikani.

Jumatatu, 20 Machi

Haipatikani. Mvua.

Jumatatu, 3 Aprili

Wamefukia. Greda lilianza asubuhi na kufikia saa nane pale ni uwanja. Wanasema ni usalama, ng'ombe wasitumbukie. Thobias alisimama mbali. Nilimfuata.

"Unajua yumo," nilimwambia.

Aligeuza macho. Hakuniita Mwalimu. "Mimi najua kilichoandikwa," alisema. Midomo ilimtetemeka, na kwa dakika moja nilimwona yule mtoto wa Kidato cha Pili aliyelia alipokosa alama moja. Kisha dereva akamwita, akaenda.

Mama Agatha hakuja kabisa. Nilimkuta nyumbani anaanika michembe ya viazi. Alikuwa anaimba chini chini.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Mama Agatha amevaa gauni la kijani, amesuka nywele. Baada ya ibada kijana wa bodaboda alimsimamisha. Alimwambia wiki iliyopita alimwona mtu Nyasubi, kule Kahama, sokoni, anabeba magunia ya mchele. Mgongo wake, anasema, ni wa Paschal kabisa.

"Uso uliuona?" niliuliza mimi.

"Uso hapana. Lakini mgongo ule, Mwalimu!"

Mama Agatha alicheka. Sijamsikia akicheka tangu siku ile ya bati.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimevunja ahadi. Mwita amekwenda zake na siri haimsaidii tena mtu yeyote.

Nilimkuta Mama Agatha anakunja nguo kwenye begi. Nikamketisha. Nikamwambia yote, darasa, dawati, malaria, jina lililoitikiwa. Nilitazamia alie. Nilijiandaa kumshika.

Aliendelea kukunja kanga, kona kwa kona.

"Mwita alisema mbele ya watu kwamba aliingia mwenyewe," alisema.

"Alidanganya. Aliogopa."

"Na kwako akasema vingine. Sasa mimi nishike lipi?" Aliniangalia bila hasira. "Mwalimu, hayo ni madai."

Neno hilo hakuwa nalo Januari.

"Mama Agatha, ni wewe uliyesema yumo. Ulijua kabla ya sisi sote."

"Nilikuwa na imani tu. Uliandika wewe." Akafunga zipu. "Kama yumo mle, nimemwacha siku sabini na tisa chini ya maji, nikila, nikilala. Kama yuko Nyasubi amenikosea. Ya kunikosea nitamsamehe."

 

Ijumaa, 14 Aprili

Amepanda basi la asubuhi la Kahama, Agatha mapajani. Maige alikuja kumuaga. Alimpa kuku wawili kwenye kikapu na kumwambia, kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, "Ukimpata mwambie arudi, hatutamuuliza kitu."

Jumanne, 18 Aprili

Mvua imepungua. Mpunga unaanza kubadilika rangi.

Ijumaa, 28 Aprili

Mama Agatha amepiga simu. Nyuma yake nilisikia kelele za soko, mtu anatangaza bei ya nyanya. Amepata chumba Nyasubi. Anauza vitumbua mbele ya ghala la mchele, kwa sababu wabebaji wote hupita hapo. Kila anayepita na gunia anamtazama mgongo kwanza, halafu anamwita kwa jina. Wawili wamegeuka. Hawakuwa yeye.

"Lakini wako wengi, Mwalimu," alisema. "Sijawamaliza. Wewe waambie watu wa kwa Maige tutarudi wote kabla ya mavuno. Utawaambia?"

Nilikuwa nimesimama uani, na lango la miti lilikuwa wazi.

"Nitawaambia," nikasema.

Nilikwenda kwa Maige jioni hiyo hiyo, nikawaambia. Walifurahi. Walinipa maziwa.